KUSHUSHA MLINGOTI WA MASHUA

Mlingoti huoza kwanza chini, mahali pasipoonekana, kwa maji yanayotuama katika tundu la mwashiri. Basi yafaa ushushwe wakati wa kusi kali, mashua ikiwa pwani kwa matengenezo.

Mashua isimame sawa juu ya magadi. Ondoeni kwanza tanga na foromali. Fungeni kamba nne kileleni, zishikwe pande zote. Ndipo mlegeze kabari, mwinue mlingoti na kuulaza polepole. Amri itoke kwa mtu mmoja tu, wala asisimame mtu chini yake.

Kisha chomeni kisu kwenye shina. Kikizama kwa urahisi, mti umeoza. Msiufiche kwa rangi. Mlingoti uliokataliwa pwani ni hasara ya fedha. Uvunjikao baharini ni hasara ya watu.