Kompyuta ya Mtumba na Lugha ya Python: Namna ya Kuchagua Toleo Linalofaa



Mzazi anapomnunulia mwanawe kompyuta ya mtumba, pengine huikuta ingali na mfumo endeshi wa zamani, kama vile Windows 7. Kijana anayetaka kujifunza lugha ya programu ya Python hupakua toleo jipya kabisa, nalo hukataa kusakinishwa. Hapo ndipo hudhaniwa kwamba kompyuta ni mbovu, na fedha ya ada au ya chakula ikatumika kununulia nyingine. Mara nyingi kompyuta ni nzima. Kilichokosekana ni ulinganifu wa matoleo.

Sababu ni hii. Python haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kufungua faili, kuandika kwenye skrini au kutumia kumbukumbu, huomba huduma hizo kwa mfumo endeshi. Toleo jipya huomba huduma ambazo mfumo wa zamani hauna. Windows 7 ilitolewa mwaka 2009. Python 3.9, iliyotolewa Oktoba 2020, haikubali tena mfumo huo. Kwa hiyo mwenye Windows 7 atumie Python 3.8, na kisakinishi cha mwisho cha toleo hilo kwa Windows ni 3.8.10, cha Mei 2021.

Fuata hatua hizi:

1. Tambua mfumo wako. Fungua Start, bonyeza Computer kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Properties. Soma kama ni Windows 7, kama ina Service Pack 1, na kama ni ya biti 32 au 64. Service Pack 1 na masasisho yaliyoifuata ni ya lazima.

2. Pakua kisakinishi kutoka python.org. Python hutolewa bure, usikubali kuuziwa. Windows ya biti 32 haiwezi kuendesha Python ya biti 64.

3. Kabla ya kubonyeza Install Now, weka alama katika kisanduku cha chini kilichoandikwa Add Python 3.8 to PATH. Alama hiyo huiwezesha Windows kuipata Python popote unapoiita.

4. Fungua Command Prompt, andika py --version, kisha bonyeza Enter. Ukijibiwa Python 3.8.10, kazi imekamilika.

Sasa andika py, bonyeza Enter, na ujaribu hesabu ya muuza maji aliyeuza ndoo 12 kwa shilingi 100 kila moja:

ndoo = 12
bei = 100
print(ndoo * bei)

Jibu litakuwa 1200. Badilisha idadi au bei, nawe utakuwa umeanza kuandika programu.

Iko tahadhari moja. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Python 3.8 nayo ilifikia mwisho wa matengenezo mwaka 2024. Kompyuta ya namna hiyo yafaa kwa kujifunzia. Isitumike kwa shughuli za benki wala kuhifadhia nywila muhimu.

Mwenye kompyuta ya biti 64 iliyo na kumbukumbu ya kutosha anaweza kuweka Ubuntu, mfumo endeshi usiolipiwa, ambao huja na Python 3 tayari ndani yake. Huko amri ya kuiita ni python3. Kabla ya kufanya hivyo, nakili picha na nyaraka zako zote kwenye diski nyingine, kwa kuwa usakinishaji waweza kufuta kila kilichomo.

Basi kisakinishi kikikataa, usikimbilie dukani. Soma kwanza ujumbe ulioandikwa kwenye skrini, ulinganishe toleo la Python na mfumo ulio nao, kisha ndipo uamue.