SOMO LETU: Walianza na Watoto Saba



Katika somo hili tunasafiri mbali kidogo, mpaka pwani ya Wales, nchi ndogo iliyopakana na Uingereza upande wa magharibi. Wenyeji wa huko wana lugha yao, Kiwelshi. Tuone jinsi wazazi walivyoipatia shule ya sekondari.

1. Shida ilikuwa nini?

Wengi wetu tunaikumbuka diski. Ukiongea lugha ya mama shuleni unavishwa, nawe unamvizia mwenzako umpitishie. Kumbe hata Wales walikuwa nayo! Katika karne ya 19, kwenye shule kadhaa, mtoto aliyesikika akiongea Kiwelshi alivishwa kipande cha ubao chenye herufi WN. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Basi watu wakaanza kuamini kwamba lugha ya nyumbani haina faida. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales waliongea Kiwelshi. Kufikia 1951 walikuwa hawafiki 3 katika kila watu 10.

2. Hatua ya kwanza

Vita vilipoanza mwaka 1939, watoto kutoka miji mikubwa ya Uingereza walihamishiwa Aberystwyth, mji mdogo wa pwani, ili waepuke mabomu. Madarasa yakajaa Kiingereza. Wazazi wachache, wakiongozwa na Ifan ab Owen Edwards, hawakukaa kulalamika tu. Walifungua shule yao ya msingi ya Kiwelshi, mwalimu wake akiwa Norah Isaac. Watoto walikuwa 7 tu! Haikuwa shule ya serikali, ilibidi waibebe wenyewe.

3. Hatua ya pili

Wengine waliona, wakaiga. Mwaka 1947 wakuu wa elimu wa eneo la Llanelli, mji mwingine wa pwani, walifungua shule ya msingi ya namna hiyo kwa pesa za umma. Lakini swali likabaki: watoto hawa wakimaliza, waende wapi? Sekondari zilifundisha kwa Kiingereza.

Wapo waliopinga. Mtoto atafeli mtihani, walisema. Atakosa kazi. Na maneno ya sayansi yatatoka wapi? Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani hata vitabu vya Kiwelshi vilikuwa haba.

Hata hivyo, katika eneo la Flintshire mkuu wa elimu, Haydn Williams, aliunga mkono jambo hili. Mwaka 1956 ikafunguliwa Ysgol Glan Clwyd katika mji wa Rhyl, mji wa watalii kando ya bahari ambako Kiingereza ndicho kilichotawala. Ilianza na wanafunzi 94. Hiyo ndiyo sekondari ya kwanza ya Kiwelshi. Baadaye ilihamia mji wa jirani, St Asaph. Leo shule kama hiyo ziko sehemu nyingi za Wales, na wanafunzi wake hutoka wakijua Kiwelshi na Kiingereza pia.

4. Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, idadi ndogo si sababu ya kungoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, ni rahisi zaidi kwenda ofisini ukiwa na kitu cha kuonyesha. Wazazi wa Aberystwyth walianza kazi, ndipo wakuu wakafuata.

Tatu, shule peke yake haitoshi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, wanaoongea Kiwelshi hawakufika 2 katika kila watu 10. Mwalimu akifundisha lugha darasani na mzazi akinyamaza nyumbani, kazi inabaki nusu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Je, watoto wetu wanaongea lugha gani nyumbani? Nani aliamua hivyo?
- Waliopinga shule ya Rhyl walikuwa na hofu gani? Sisi tungewajibu vipi?
- Kuna jambo gani hapa kijijini tunalongoja serikali ianze, na sisi tungeweza kuanza na watu saba?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu, myasome tena mkutano ujao.