Jiwe Kwenye Wali: Nani Abebe Lawama?

Ndugu msomaji, hebu pitisha ulimi juu ya magego yako, moja baada ya jingine. Yote yapo? Basi shukuru. Mimi nikipitisha ulimi upande wa chini kushoto nakutana na pengo. Pengo hilo ndilo lililoleta somo letu la leo.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Ilikuwa Jumapili, siku ya wali maharage, na unajua mwenyewe furaha ya siku hiyo baada ya wiki nzima ya ugali. Kijiko cha tatu tu, nikasikia "ka!" hadi kwenye sikio. Nikatema mkononi. Kulikuwa na kijiwe kidogo kama punje ya mtama, na kando yake kipande cha gego langu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane mlegevu. Nikatupa jiwe, nikatupa na kipande cha jino, nikaendelea kula upande wa pili.

Wiki sita baadaye shavu lilikuwa limevimba na usiku silali. Tabibu wa meno akaangalia, akatikisa kichwa. "Ungekuja wiki ile ile tungeliziba. Sasa usaha umefika kwenye mzizi, hili ni la kung'oa."

Habari zilipofika kwa uongozi wa shule, swali lilikuwa moja tu: nani alipika siku ile? Mama mpishi akaachishwa kazi. Muhula uliofuata akaja mpishi mwingine, na mawe yakawa yale yale.

Juzi tulikuwa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, tukizungumza na wanafunzi kuhusu afya ya kinywa. Mmoja akanyosha mkono: "Ukivunjika jino kwa chakula cha shule, nani anawajibika?" Darasa karibu zima likajibu kwa pamoja: "Mpishi!" Nikamkumbuka yule mama. Basi, tujifunze pamoja kama jibu hilo ni la haki.

Kijiwe kinavunjaje jino?

Jino limefunikwa kwa gamba jeupe linaloitwa enameli. Hakuna kitu kigumu kuliko enameli katika mwili wako wote, hata mfupa haufikii. Katika kipimo cha ugumu wa madini, chenye ngazi 1 hadi 10 na almasi juu kabisa, enameli iko kwenye 5. Lakini madini ya kwazi yako kwenye 7.

Nyinyi wa Kharumwa na Geita kwazi mnaijua. Ni lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wadogo hulipasua kwa nyundo na kulipeleka kwenye karasha wakitafuta dhahabu. Mchanga mwingi wa kawaida nao ni punje za kwazi hiyo hiyo. Sasa jiulize: jiwe linalohitaji karasha, wewe utalisaga kwa gego?

Tena mfupa ukivunjika unaunga, lakini enameli haina chembe hai za kuijenga upya. Ikimeguka, imemeguka. Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na halina mbadala. Ndani yake kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Ufa ni mlango, na vijidudu havibishi hodi. Ndiyo maana jino lililovunjika leo bila maumivu linaweza kukuliza baada ya wiki kadhaa.

Safari ya jiwe

Jiwe halioti kwenye mpunga. Linaingia njiani. Hebu tulifuate.

Mkulima anavuna, anapurira mpunga chini na kuuanika kwenye udongo mtupu au kando ya barabara, kwa sababu hana turubai. Hapo mchanga wa kwanza umeingia. Anaukusanya kwa fagio, na fagio halichagui. Mpunga unakwenda mashineni kukobolewa. Zipo mashine zenye sehemu ya kutenganisha mawe, lakini nyingi za vijijini hazina. Mfanyabiashara anajaza magunia na kuuza. Shule inanunua, mara nyingi ule wa bei ya chini. Mwisho gunia linamfikia mpishi.

Hali ni hiyo hiyo kwa michembe na udaga vikianikwa juu ya miamba au chini, na kwa maharage yanayopigwa kwenye uwanja wa udongo.

Sasa mtazame huyo mpishi. Mpishi wetu aliamka saa kumi usiku, akiwa na ungo mmoja na kibatari, kuwapikia wanafunzi mia kadhaa. Nyumbani mama anapepeta na kuchagua kilo mbili mchana kweupe, na bado kijiwe kinapita. Yeye angechagua vipi gunia zima gizani?

Ona basi: watu wengi walilishika jiwe lile kabla yake. Tuliyemwadhibu ni aliyelishika mwisho, na ambaye hakuwa na mtu wa kumtetea. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni.

Sheria inasemaje?

Mwezi Agosti 1928, katika mji wa Paisley nchini Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia mgahawani na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, huoni ndani. Donoghue alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, soda iliyobaki ilipomiminwa, yalitoka mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua.

Angemshtaki nani? Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mwenye mgahawa. Akamshtaki mtengenezaji, Bwana Stevenson. Kesi ilifika Baraza la Malodi mjini London, na mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano wakakubaliana naye: anayetengeneza chakula kwa ajili ya watu ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yule atakayekila, hata kama hawajuani. Jaji Atkin alieleza kwamba jirani yako kisheria ni yeyote ambaye ungepaswa kuona kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Kesi hiyo yatuhusu nini? Mwanafunzi anayekula bwenini anafanana sana na Donoghue: mchele hakuununua yeye. Msingi ule umefuatwa na mahakama za Afrika Mashariki pia. Unatuambia tusiishie kuuliza "nani aliniwekea sahani?", bali tuulize: nani angeweza kuona hatari hii, alikuwa na uwezo wa kuizuia, na hakuizuia?

Ukiuliza hivyo, majibu yanabadilika. Mfanyabiashara anayejua mchele wake una mawe na kuuza kama mchele safi, anahusika. Shule inayolalamikiwa kila wiki na haibadili muuzaji, wala haiongezi ungo, taa na watu wa kuchagua, inahusika. Mpishi mwenye vifaa na muda lakini akamimina tu gunia sufuriani, naye anahusika. Lakini aliyenyimwa vifaa hivyo? Hapana, huyo tusimrundikie mzigo wote.

Hapa nchini ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, inayomlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa matumizi yake. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji. Usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA, na tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Kwa madhara yaliyotokana na uzembe, muda wa kufungua madai kwa kawaida ni miaka 3.

Na mfupa wa samaki je?

Swali zuri! Jiwe si sehemu ya wali. Lakini mfupa ni sehemu ya samaki, kwa hiyo mlaji wa sato anategemewa kuwa mwangalifu.

Marekani wamebishana sana juu ya hili. Mwaka 1936 mahakama ya California ilisema kipande cha mfupa wa kuku ndani ya pai ya kuku ni kitu cha asili, mlaji akitegemee. Lakini mwaka 1971, mjini Washington, ilisikilizwa rufani ya mtu aliyevunjika jino kwa kokwa ya zeituni iliyokuwa ndani ya kinywaji chake. Zeituni ile ilikuwa na tundu, hivyo alidhani kokwa imeshatolewa. Mahakama ikasema la muhimu si kama kokwa ni ya asili, bali ni nini mlaji alikuwa na haki ya kukitegemea. Kwa lugha yetu: ukila samaki mzima, mfupa ni wa kwako kuuangalia. Ukiuziwa mnofu ulioambiwa hauna mifupa, una la kuuliza.

Na wewe je?

Usidhani wewe huna sehemu. Jino lililotobolewa na vitu vitamu bila kupigwa mswaki huvunjika upesi kuliko zima. Kuna vijana wanaofungua soda kwa meno ili wasifiwe. Wengine wanatafuna mifupa na miwa migumu kwa jino ambalo tayari linauma. Ukivunjika hapo, kijana mwenzangu, mpishi usimtaje.

Sehemu yako nyingine ni kusema. Mimi nilicheka na kunyamaza. Kumbe kunyamaza kwangu kulinigharimu jino, na kulimgharimu mama wa watu kazi, kwa sababu siku nilipotakiwa kueleza jiwe lilitoka wapi sikuwa na la kuonyesha. Laiti ningelitunza, na kuwataja wenzangu waliokwisha kuuma mawe ya gunia lile lile, uongozi ungelazimika kutazama stoo badala ya kumtazama mpishi.

Likikutokea, fanya hivi

1. Acha kula. Tema, kisha sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Damu ikitoka, bana kitambaa safi kwa dakika 10 hivi.
2. Tunza kipande cha jino kwenye maziwa au mate yako mwenyewe. Tunza na jiwe pia, kwenye karatasi. Huo ni ushahidi.
3. Mwambie mwalimu wa zamu au matroni siku hiyo hiyo. Iandikwe tarehe, chakula, na majina ya walioona.
4. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya mapema, hata kama hakuna maumivu. Usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza.
5. Jino zima la utu uzima likichomoka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo bila kulisugua, lirudishe mahali pake au liweke kwenye maziwa, ukimbie kwa tabibu. Nusu saa ya kwanza ina thamani kubwa.
6. Mueleze mzazi. Mzazi anaweza kulipeleka suala kwenye bodi ya shule au kwa afisa afya. Mchele ukiwa wa kununua, tunza risiti na sampuli ya mchele wenyewe.

Tumalizie

Shule haihitaji mamilioni kupunguza mawe. Wanafunzi wa zamu wanaweza kusaidia kuchagua mchele mchana, kabla ya siku ya kupika. Mchele ukikorogwa kwenye maji mengi, unamiminwa taratibu na mawe yanabaki chini ya sufuria. Anayeuza magunia machafu arudishiwe magunia yake. Mkulima akipata turubai, jiwe halianzi hata safari.

Siku ile Kharumwa, baada ya mazungumzo, niliuliza tena: "Nani anawajibika?" Safari hii hawakujibu kwa pamoja. Wakaanza kubishana. Nikafurahi, maana hapo ndipo haki inapoanzia.

Jipime

1. Kwa nini enameli ikimeguka haiungi kama mfupa?
2. Taja sehemu nne ambapo jiwe linaweza kuingia au kuondolewa kabla chakula hakijafika mezani. Kwa shule yenu, ipi ni rahisi kurekebisha wiki hii?
3. Jadilini: kama jino lilikuwa limetoboka kabla ya kuuma jiwe, je, aliyeuza mchele wenye mawe hana lawama? Toeni sababu.
4. Ungekuwa mwenyekiti wa bodi ya ile shule yangu, ungeamua nini kuhusu mama mpishi?