KITI CHA UMEME NA HUKUMU YA KIFO

Mmoja wetu aliuliza darasani: kama serikali inaua mwenye kosa kubwa, si afazali kiti cha umeme, kwani kinaua upesi bila maumivu? Sisi wa darasa la sita tulichunguza jambo hili.

1. Kiti hicho ni nini?
Mhukumiwa anafungwa kwa mikanda kwenye kiti, vyuma vinagusishwa kichwani na penginepo mwilini, halafu umeme unapitishwa. Kilitumiwa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti 1890 katika gereza la Auburn, Marekani, juu ya William Kemmler. Walisema atakufa mara moja. Umeme ulipita sekunde 17. Kumbe alikuwa angali anapumua! Wakarudilia. Basi ile ahadi iliharibika siku ya kwanza.

2. Na kwetu Kongo?
Hapa desturi ilikuwa kamba kwa raia na risasi kwa askari. Tarehe 2 Juni 1966, Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, na wenzake Bamba, Anany na Mahamba walinyongwa mbele ya maelfu ya watu huko Kinshasa. Waliitwa wasaliti. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa mji ule unaitwa Stade des Martyrs kwa ukumbusho wao. Ni kusema, nchi iligeuza neno lake. Lakini nani aliwarudishia uhai?
Mnamo Januari 2003 watu 15 waliuawa, kisha hukumu hizo zikasimamishwa. Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba zitatimizwa tena.

3. Na sisi wa Kiwanja?
Novemba 2008 watu karibu 150 waliuawa hapa petu bila hakimu wala kesi. Sisi tulikuwa wachanga ao hatujazaliwa. Tumekua tukisikia majina yao. Kwa hiyo mtu akisema "wauaji wauawe", tunaelewa hasira yake. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu. Tribinali ikikosea, mlango wa gereza unafunguliwa, kaburi halifunguliwi. Ndiyo sababu tunaomba hakimu wa kweli na kifungo, si kamba wala kiti.

Maulizo
a) Someni Mwanzo 4:15 na 9:6. Zinapatana namna gani?
b) Kifo cha upesi kinafanya hukumu kuwa ya haki? Ju ya nini?