Somo kwa Vyama vya Msingi: Mafuriko, Barabara na Hoja Inayosikilizwa

Shabaha ya somo: Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wanachama wataweza kutambua ofisi yenye dhamana ya barabara au mto unaowasumbua, kuandaa hoja yenye vipimo, na kuifikisha kwa wakati ufaao.

1. Jambo hili linauhusu vipi ushirika?

Mazao yaliyopimwa na kuandikiwa stakabadhi bado hayajawa fedha. Sharti yatoke ghalani yafike sokoni. Kalavati moja likizolewa na maji, lori halipiti, magunia hupata unyevu, na mkulima mwenye deni la pembejeo hungoja malipo yasiyofika. Tena madhara hayaishii kwenye mazao: mtoto havuki kwenda shule, na mgonjwa hafiki zahanati.

Mwishoni mwa mwaka 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukaufurikia mji wa Kilosa na kuiharibu Reli ya Kati. Katika mvua za msimu wa 2023/2024, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha nchini.

Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, yaviagiza vyama viijali jamii. Hata hivyo, chama si serikali ya kijiji. Kazi yake ni kuipa hoja ya wananchi ushahidi, wala si kushika nafasi ya mkutano wao.

2. Ni nani mwenye dhamana?

Barua nyingi hazizai matunda kwa kuwa zimepelekwa kwa asiyehusika. Kabla ya kuandika, yafaa kujua yafuatayo:

(a) Barabara kuu na barabara za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara, yaani TANROADS.

(b) Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara nyingi zinazofika kwenye maghala ya vyama ni za kundi hili.

(c) Mto unaohama njia yake au kuvunja kingo ni jambo la kuarifu Bodi ya Maji ya Bonde linalohusika.

(d) Mtaro uliojaa taka, au uliozibwa kwa ujenzi usio na kibali, ni jambo la Halmashauri.

3. Njia ya hoja

Hoja huanzia katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Azimio la mkutano huo hutiwa katika muhtasari na Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani, na kutoka hapo hufika Halmashauri ya Wilaya. Nakala hupelekwa kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Katika miji, hoja huanzia kwenye mkutano wa mtaa.

Watu watatu wakienda ofisini kulalamika, hujibiwa kwa maneno, na maneno hayana jalada. Azimio lenye tarehe na namba huwa na jalada, na ofisi inaweza kuulizwa habari zake.

4. Barua mbili

Na ichukuliwe mfano wa kijiji ambacho barabara yake ya kwenda ghalani hukatika kila Masika. Barua ya kwanza yasema: “Barabara yetu ni mbovu sana, wananchi wanateseka, tunaomba Serikali itusaidie haraka.” Maneno haya ni ya kweli, lakini mhandisi hawezi kukadiria gharama ya mateso.

Barua ya pili yasema: “Kwa azimio la Mkutano Mkuu, muhtasari wake umeambatishwa, twaarifu kwamba kalavati lililo kilomita 2 kutoka ghala la chama limezolewa. Maji yalipita juu ya barabara kwa siku 11 mwezi Aprili, kina chake kikifika sentimita 70. Katika siku hizo chama hakikuweza kusafirisha kilo 18,000 za mazao zilizokuwa ghalani. Wananchi wako tayari kuchimba mtaro wa mita 200. Tunaomba mhandisi aje kupima.”

Barua hii ya pili inaonyesha mahali, muda, kipimo, hasara, mchango wa wananchi na ombi moja lililo wazi. Katibu ataona kwamba hasara imetoka katika vitabu vya chama. Daftari la mizani na hati za kusafirishia mazao, ambazo aghalabu hutunzwa kwa ajili ya ukaguzi tu, ndizo ushahidi ambao wakazi wengine hawana. Kina cha maji kinaweza kupimwa kwa mti uliotiwa alama, na kuandikwa kila asubuhi pamoja na tarehe. Mpimaji asiingie kamwe katika maji yaendayo kasi; mti usimikwe mapema, usomwe kutoka mahali pa salama.

5. Wakati wa kupeleka hoja

Hapa ndipo vijiji vingi hukwama. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia mwezi Aprili. Masika nayo huanza Machi hadi Mei. Kwa hiyo malalamiko yanapopanda zaidi, makadirio ya mwaka ujao yamekwisha kuandikwa. Na maji yakikauka, kijiji husahau mpaka Masika nyingine.

Dawa yake ni kuandika mara mbili. Wakati wa mafuriko, ipelekwe taarifa ya dharura ili watu waokolewe na njia ya muda ifunguliwe. Wakati wa kiangazi, kabla Halmashauri na TARURA hazijafunga mipango yao, ipelekwe hoja ya ujenzi wa kudumu pamoja na vipimo vya Masika. Baadaye katibu aulize, kwa barua, kama kazi hiyo imeingizwa katika mpango, na jibu lisomwe mbele ya mkutano.

6. Wajibu wa wanachama

Anayedai haki yampasa atazame na mikono yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mwanachama alimaye hadi ukingoni, au atupaye mabua ndani ya kalavati, huyapeleka maji shambani kwa mwenziwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kusafisha mtaro kabla ya mvua ni kazi ya siku moja kwa jembe, lakini kujenga upya barabara iliyomomonyoka ni kazi ya miaka ya kungoja.

Maswali ya kujadili

1. Barabara ya ghala letu ni ya kundi gani, na dhamana yake ni ya nani?
2. Katika Masika iliyopita njia ilifungwa siku ngapi? Ni kitabu gani cha chama kinachothibitisha?
3. Azimio la mwisho kuhusu barabara lilipitishwa lini, na limejibiwa?
4. Ni nani atakayesimika mti wa kupimia kabla ya mvua zijazo?