Vumbi na Vyombo vya Sauti: Namna ya Kukinga Chumba cha Kusikilizia Nyumbani



Redio, amplifaya, spika na mashine ya santuri ni vyombo ambavyo familia nyingi huvinunua kwa kujinyima, zikitarajia kuvitumia kwa miaka mingi. Baadhi ya vyombo hivyo hufika kwa fundi mapema, ilhali havikuundwa vibaya wala havikuanguka. Vimeharibiwa na vumbi. Vingine, na hili huwashangaza wengi, vimeharibiwa na kitambaa kilichowekwa juu yake ili kuzuia vumbi hilo hilo.

Katika somo hili tunaeleza vumbi linatoka wapi, linadhuru namna gani, na mlaji afanye nini bila kuingia gharama kubwa. Jambo kuu tunalotaka likumbukwe ni hili: vumbi huzuiwa chumbani, si kwenye chombo. Chombo kinahitaji hewa ili kifanye kazi, na mwenye kukinyima hewa kwa kuogopa vumbi amekimbia mvua na kuingia mtoni.

Mfano wetu ni sebule ya kawaida mjini Dodoma. Mji huo una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo. Msomaji wa Singida au Shinyanga ataiona hali yake humo. Msomaji wa Tanga au Unguja, ambaye hewa yake ina unyevu na chumvi ya bahari, anafaa kuyazingatia zaidi yale tutakayosema kuhusu vumbi lililolowana.

1. Vumbi linatoka wapi

Wengi hudhani kwamba vumbi lote huingia kwa dirishani. Kwa kweli sehemu yake huletwa na viatu, sehemu hutoka kwenye nguo, mazulia na makochi, na sehemu ni ngozi na nywele za wakaaji wenyewe. Nyumba isiyo na dari huongeza vumbi linaloshuka kutoka kwenye bati na mbao za paa.

Moshi nao ni wa kuhesabiwa. Dawa ya mbu ya kuchoma, ubani, sigara na jiko la mkaa huacha utando mwembamba wenye kunata. Vumbi kavu likitua juu ya utando huo halipeperuki tena, bali hugandamana na kuwa uchafu mweusi usiotoka kwa kupanguswa kidogo. Kwa sababu hiyo, chumba chenye vyombo vya sauti si mahali pazuri pa kufukizia wala pa kuchomea dawa ya mbu.

Ufagio pia hueneza vumbi. Sakafu ikifagiwa kavu, chembe kubwa husogea mbele ya ufagio, lakini zile nyembamba hupanda hewani na kubaki zikielea kwa muda mrefu. Mama wa nyumba anapomaliza kufagia, akaona sakafu inang'aa na kuwasha redio, zile chembe bado zinashuka taratibu juu ya kila kitu kilichomo chumbani.

2. Vumbi linadhuru vipi

Madhara ya kwanza ni joto. Amplifaya hugeuza sehemu ya umeme inaoupokea kuwa joto, na joto hilo hutolewa kupitia matundu ya juu, ya pembeni au ya nyuma. Vumbi likijaa katika matundu na juu ya vipande vya chuma vinavyopoza mashine, huwa kama blanketi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya mashine hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka.

Madhara ya pili ni umeme kupita pasipotakiwa. Vumbi kavu halipitishi umeme kwa urahisi, lakini likinyonya unyevu hali hubadilika, hasa likiwa na chumvi. Ndiyo maana chombo kilichokaa na vumbi kiangazi chote kinaweza kuleta matatizo mvua za kwanza zinapoanza. Ukisikia harufu ya kuungua, zima swichi ya ukutani mara moja, chomoa plagi, na usikiwashe tena mpaka fundi akikague.

Madhara ya tatu ni sauti yenyewe kuharibika. Ukizungusha kitufe cha kupandishia sauti na kusikia mikwaruzo, mara nyingi ni vumbi au kutu nyepesi ndani ya kitufe. Tatizo hilo huweza kuondolewa kwa kusafishwa, na si sababu ya kununua amplifaya mpya.

3. Kosa la kitambaa

Katika sebule nyingi utaona redio au amplifaya imevikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa chombo cha maua au picha. Ni desturi yenye heshima na hupendezesha nyumba. Hata hivyo, kitambaa hicho huziba matundu ya juu, ambayo ndiyo njia ya joto kutoka, na chombo cha maua chenye maji kikipinduka, maji huingia moja kwa moja kwenye umeme.

Hatusemi kitambaa kitupwe. Tunasema kitumike kwa wakati wake. Funika chombo kikiwa kimezimwa na kimekwisha kupoa, na kifunue kabla ya kukiwasha. Kitambaa kiwe chepesi, kisichotoa nyuzi, na kifuliwe mara kwa mara, kwani kitambaa chenye vumbi hulimwaga ndani ya matundu kila kinapoinuliwa. Mfuko wa nailoni haufai kabisa, kwa kuwa huhifadhi unyevu.

Kabati lililofungwa pande zote lina kasoro ile ile. Kama amplifaya imo kabatini, acha mlango wazi wakati wa kuitumia, na iwe na nafasi ya angalau sentimita 10 juu na nyuma, au zaidi ikiwa kijitabu cha mtengenezaji kinaagiza hivyo.

4. Kukinga chumba

Anza na mlango. Weka kitambaa kizito cha kupangusia miguu nje na kingine ndani, na viatu viachwe mlangoni. Ziba mwanya wa chini ya mlango kwa kipande cha mpira au kwa kitambaa kilichoviringishwa.

Kisha tazama madirisha. Madirisha ya vioo vya kufungua na kufunga kwa vipande huacha nyufa hata yakifungwa, hivyo yanahitaji pazia zito upande wa upepo. Wavu wa mbu hupunguza kasi ya upepo, lakini hauzuii vumbi jembamba: matundu yake huzidi milimita 1, ilhali chembe nyingi za vumbi hazifiki hata sehemu ya kumi ya hapo. Osha wavu huo kwa maji na sabuni, kwa kuwa wavu uliojaa vumbi hulirudisha ndani upepo unapovuma. Fungua madirisha asubuhi upepo ukiwa umetulia, uyafunge upepo unapoanza.

Badala ya kufagia kavu, piga deki kwa tambara lililokamuliwa vizuri. Pangusa rafu na meza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukianzia juu na kumalizia sakafuni. Kama hapana budi kufagia, nyunyiza maji kidogo kwanza, funika vyombo, na usubiri saa moja au zaidi kabla ya kuvifunua.

Mwisho, usiweke vyombo sakafuni. Meza au rafu yenye urefu wa nusu mita huviondoa mahali ambapo vumbi linatimuliwa kwa kila hatua ya mtu. Usiviweke pia mbele ya feni, kwa kuwa feni huvipelekea vumbi la chumba kizima.

5. Kusafisha vyombo

Kabla ya jambo lolote, zima chombo na uchomoe plagi. Usifungue kifuniko cha amplifaya wala cha redio ya umeme. Ndani yake mna sehemu zinazoweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa, na kazi hiyo ni ya fundi.

Kwa nje, tumia brashi laini, kama brashi mpya ya kupakia rangi, kuondoa vumbi kwenye matundu na kuzunguka vitufe. Piga brashi kuelekea nje, si ndani. Kisha pangusa kwa kitambaa laini kilichotiwa unyevu kidogo tu. Usinyunyize maji wala dawa yoyote moja kwa moja juu ya chombo.

Wako wanaopeleka vyombo gereji vipulizwe kwa pampu ya upepo ya magari. Tunashauri wasifanye hivyo. Upepo huo huwa na matone ya maji na mafuta, na nguvu yake huweza kusukuma vumbi ndani zaidi au kuvunja sehemu ndogo.

Spika husafishwa kwa uangalifu zaidi. Kama wavu wa mbele unatoka, utoe na uupige brashi mbali na spika. Ile karatasi au kitambaa kinachotetemeka ndani usikiguse kwa vidole, wala usikinyonye vumbi kwa mashine, kwani kikibonyea sauti haitakuwa ile ile.

6. Santuri na kaseti

Hapa hasara huwa kubwa kuliko fedha. Amplifaya iliyoungua hununuliwa nyingine. Kaseti yenye sauti ya babu akisimulia ukoo, au santuri ya zamani ambayo haikuchapishwa tena, ikiharibika haina mbadala.

Mfereji wa santuri ya LP una upana wa takriban milimita 0.05, yaani mwembamba kama unywele. Sindano inapokutana na chembe ya vumbi ndani ya mfereji huo, huisaga kwenye ukuta wake, na alama inayobaki husikika kila santuri inapopigwa. Shika santuri kwa ukingo na katikati, ipanguse kwa brashi ya nyuzi laini kwa kufuata mzunguko wa mfereji, na uirudishe katika mfuko wake mara inapokwisha. Ihifadhi ikiwa imesimama wima, mbali na jua.

Tunatoa tahadhari maalumu kwa wenye santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Ndizo zilizotumika enzi za Siti binti Saad, ambaye alirekodi Bombay mwaka 1928. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu uitwao shelaki, na shelaki huyeyuka katika spiriti. Usizisafishe kwa spiriti wala alkoholi yoyote. Brashi laini kavu inatosha.

Kaseti zikae katika vikasha vyake, mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika huweza kudhoofisha sauti iliyorekodiwa. Kichwa cha mashine kinachogusana na utepe husafishwa kwa pamba iliyochovywa kidogo katika alkoholi ya isopropili, kisha huachwa kikauke. Gurudumu la mpira lisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji tu. Na kama kaseti ina sauti isiyopatikana kwingine, usingoje: tafuta mtu mwaminifu wa kuihamishia kwenye kompyuta, na nakala zitunzwe mahali pawili.

7. Unaponunua na unapokwenda kwa fundi

Kabla ya kununua, uliza matundu ya hewa yako wapi na upime kama mahali ulipopaandaa panatosha. Kwa spika za kutumia nje, tafuta alama ya IP ikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi: 5 ina maana kwamba vumbi linaloweza kuingia ni kidogo na halizuii kazi ya chombo, na 6 ina maana kwamba vumbi haliingii. Tarakimu ya pili inahusu maji. Alama yenye X mahali pa tarakimu ya kwanza haikuahidi lolote kuhusu vumbi, hata kama muuzaji anasema vinginevyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara.

Soma dhamana kabla ya kulipa. Uliza kama uharibifu wa vumbi umeondolewa, na jibu liandikwe kwenye risiti. Kwa chombo kilichotumika, mulika matundu kwa tochi, zungusha vitufe vyote huku kikilia, na ukiache kiwake nusu saa ili uone joto lake.

Ukienda kwa fundi, taka kujua bei kabla kazi haijaanza, na uombe urudishiwe vipuri vilivyotolewa. Mweleze kwamba unataka chombo kisafishwe kwanza, ndipo ijulikane kama kuna kipuri cha kubadilishwa.

Maswali ya kujipima

1. Je, sasa hivi kuna kitu kilichowekwa juu ya matundu ya redio au amplifaya yako?
2. Baada ya kufagia, husubiri muda gani kabla ya kuwasha au kufunua vyombo?
3. Kati ya santuri na kaseti ulizo nazo, ni ipi isiyo na mbadala, na nakala yake iko wapi?
4. Risiti na dhamana ya chombo chako ulichonunua mwisho zimehifadhiwa wapi?

Swali la kwanza linaweza kujibiwa leo, bila gharama yoyote. Tunashauri lianze hilo.