Ufa wa Baharini, Ufa wa Bahi: Elimu ya Tetemeko kwa Wakazi wa Miyuji

Ya baharini yanatuhusu nini?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa 2, tetemeko la ukubwa wa takriban 6.0 lilianzia chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Wakazi wa maghorofa walikimbilia nje. Miyuji iko mbali na bahari, lakini nguvu inayoipasua sakafu ya bahari ndiyo inayoipasua ardhi ya Dodoma.

Ardhi hupasukaje?

Gusanisha viganja ubavu kwa ubavu, kisha sukuma kimoja mbele na kingine uvute nyuma. Huo ni ufa wa kuteleza. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, Bukini (Madagascar) iliteleza hivyo kuelekea kusini, ikaacha alama chini ya bahari: Mgongo wa Davie.

Sasa tenganisha viganja. Ardhi ikivutwa hivyo, upande mmoja huzama. Ndivyo Afrika Mashariki inavyovutwa leo, milimita chache kwa mwaka, na eneo la Mgongo wa Davie nalo linavutwa. Ukitoka Dodoma kuelekea Singida, utaiona kazi hiyo: kabla ya Bahi ardhi inashuka ghafla hadi kwenye mbuga za mpunga. Ukingo ule ni ufa wa Bubu. Novemba 2002, tetemeko la takriban 5.5 liliutikisa mji wetu.

Ukijenga

- Mwambie fundi afunge kuta zote kwa lenta ya zege yenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika.
- Tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo mtupu huachana upesi. Tumia saruji.
- Paa zito la udongo, kama la tembe, linahitaji nguzo imara. Kagua zilizoliwa na mchwa.
- Usijenge chini ya kilima chenye mawe yaliyoegemeana.

Ardhi ikitikisika

- Ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, ukinge kichwa.
- Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nyaya za umeme.
- Likitulia, zima gesi na umeme, toka nje. Mitikisiko midogo huweza kufuata. Usirudi kwenye nyumba yenye nyufa mpya kabla fundi hajaikagua.
- Kwa uokoaji, piga 114.

Saa ya tetemeko haitabiriki. Lenta hufungwa kabla ya kuezeka.